Tuisheni ya mtandaoni inayomfuata kila mwanafunzi bila kumwanika: mwongozo kwa mwalimu anayeanza

Kila likizo ikikaribia napata maswali yaleyale kutoka kwa walimu wenzangu wa hapa Dar wanaotaka kuhamishia tuisheni kwenye simu. Nitumie fomu gani? Matokeo niyaweke wapi? Na hili la tatu, ambalo huulizwa kwa sauti ya chini kidogo: mbona wanafunzi wangu wote wanapata 90 kwenye mazoezi, halafu mtihani ukija wanaanguka?

Nianze na hilo la tatu. Wanapata 90 kwa sababu wanaogopa kuonekana wamepata 30. Kwa hiyo kaka mtu anajibu kwa niaba yake, au swali linapigwa picha na kupelekwa kwenye programu ya akili mnemba, au anasubiri rafiki yake wa Tandika amalize ndipo anakili. Wewe unabaki na jedwali lililojaa alama za kupendeza, na juu ya alama hizo unampangia mazoezi ya logarithimu mtoto ambaye bado hajui kujumlisha sehemu. Huwezi kumfuata mwanafunzi mmoja mmoja kama hujui alipo, na hatakuonyesha alipo kama hakuamini. Ndiyo maana nimeweka faragha mbele kuliko fomu.

Mfano wangu ni Hisabati ya kidato cha pili, wanafunzi kama 20, simu moja ya mwalimu, WhatsApp na Google Forms. Wengi wetu tunaanzia hapo. Kama kituo chako kina Moodle (mfumo wa kufundishia mtandaoni) au mfumo wa kulipia, kazi ni ileile, vitufe tu ndivyo tofauti.

Sheria nitaigusa mara moja tu. Haki ya faragha iko kwenye Katiba ya 1977, ibara ya 16. Tuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayoisimamia. Sheria hiyo inahesabu taarifa za watoto kuwa taarifa nyeti, zinazohitaji ridhaa ya maandishi. Mtoto, kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Darasa lako lote la kidato cha pili limo humo. Anayekusanya taarifa za watu anatakiwa pia kujisajili Tume, kwa hiyo kama una kituo au unapanga kukua, ulizia utaratibu mapema, usisubiri uulizwe wewe.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Laini ya simu ya darasa, tofauti na ile unayopigiwa na shangazi na wadai.
- Akaunti ya Google ya darasa peke yake, yenye neno la siri ambalo hulitumii kwingine na uthibitisho wa hatua mbili. Weka pia PIN ya tarakimu sita kwenye WhatsApp ya laini hiyo.
- Simu yenye kufuli. Kama mwanao anaichukua jioni kuchezea gemu, hiyo bado ni simu ya nyumbani.
- Daftari la karatasi lenye jalada gumu. Halipigwi picha, haliachwi kwenye daladala.
- Orodha ya mada iliyovunjwa vipande vidogo. "Aljebra" ni kubwa mno. Andika "kufungua mabano yenye alama ya kutoa nje", "kuhamisha namba upande wa pili", "kujumlisha herufi zinazofanana".
- Saa moja ya kuongea na wazazi, kwa simu au ana kwa ana. Hii ndiyo huwa inarukwa, na ukiiruka utailipia baadaye.

Hatua ya 1: Andika unachotaka kujua, kisha kata

Chukua ukurasa wa daftari, uchore mstari katikati. Kushoto andika kila unachotaka kumuuliza mwanafunzi. Kulia andika utafanya nini na jibu lake. Kisichokuwa na kitu upande wa kulia, kikate.

Utashangaa kinavyopungua. Namba ya NIDA ya mzazi ni ya nini? Dini? Kazi ya baba? Picha ya pasipoti? Tarehe kamili ya kuzaliwa? Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kitakachokusaidia kujua kama mtoto anaweza kufungua mabano. Mimi hubaki na vitu sita: jina analopenda kuitwa, kidato, namba ya simu inayotumika, simu hiyo ni ya nani, saa anazoipata, na mada anayoona inamsumbua.

La "simu ni ya nani" ndilo muhimu kuliko yote, na ndilo ambalo sijaona fomu nyingi zikiliuliza. Mjini hapa wanafunzi wengi wa kidato cha pili hawana simu yao. Ni ya mama, inarudi naye sokoni saa 1 usiku. Ni ya kaka, ambaye ni mtani. Ni ya dada wa kazi. Unapotuma ujumbe "umepata 4 kati ya 20", hujui macho ya nani yatausoma kwanza.

Kama bado unaona hofu hii imezidi, fikiria ile SMS ya "ile hela itume kwenye namba hii", ambayo kila mwenye simu nchini ameshaipata. Sasa mpe tapeli huyo orodha yenye jina la mtoto, shule yake na namba ya mama yake. Hatatuma tena ujumbe wa kubahatisha. Atapiga, atataja jina la mtoto, atasema ameanguka shuleni na yuko hospitali. Mama yupi atakayeuliza maswali mawili kabla ya kutuma?

Hatua ya 2: Pata ridhaa, ya mzazi na ya mtoto

Karatasi yenye saini ni bora. Kama haiwezekani, ujumbe ulioandikwa na jibu lake, ukiuhifadhi, ni mwanzo mzuri kuliko kukubaliana kwa mdomo. Nakili huu, ubadilishe panapohitajika:

"Ndugu mzazi/mlezi, habari za leo. Mimi ni mwalimu wa Hisabati wa mtandaoni, Jumatatu na Alhamisi. Ili nimpe mwanao mazoezi yanayomfaa, nitaandika jina analopenda kuitwa, kidato chake, namba ya simu mnayotumia, ni ya nani na anaipata saa ngapi, mada inayomsumbua na majibu yake ya mazoezi. Majibu nayaona mimi. Wewe nitakutumia kila mwisho wa mwezi mada alizomaliza na anayoifanyia kazi. Hakuna alama itakayowekwa kwenye kundi. Taarifa zinakaa kwenye akaunti ya Google ya darasa na kwenye daftari langu, na nitazifuta wiki mbili baada ya mtihani. Ukitaka kuziona, kuzirekebisha au kuzifuta kabla ya hapo, niandikie. Kama unakubali, jibu NAKUBALI na jina lako. Kama kuna sehemu hukubali, niambie ipi. Mwanao hataondolewa darasani kwa sababu hiyo."

Sentensi ya mwisho usiifute ili kufupisha ujumbe. Ridhaa ya mtu anayeogopa mtoto atafukuzwa si ridhaa.

Kisha ongea na mtoto mwenyewe, kwa maneno yake, na umwambie wazi mzazi ataona nini. Ukimwahidi "haya ni yangu na wewe tu" halafu mama akayasoma mezani wakati wa chakula, umemaliza. Ni afadhali ahadi ndogo unayoitimiza.

Hatua ya 3: Tenga majina na alama

Kila mwanafunzi apewe namba, na jedwali la alama liwe na namba tu. Ufunguo, yaani namba ipi ni ya nani, ukae kwenye daftari la karatasi.

Nilianza kwa majina ya samaki wa Feri, nikiona ni utani mzuri: changu, pono, tasi, kibua. Ndani ya wiki moja wote walikuwa wanajua nani ni nani, kwa kuwa kijana mrefu kuliko wote nilikuwa nimemwita papa. Tangu hapo ni namba za tarakimu tatu, zinazookotwa kwenye vikaratasi ndani ya kopo. Usitumie namba ya mtihani, wala herufi za mwanzo za jina, wala mpangilio wa alfabeti. Mtoto yeyote mwenye orodha ya darasa atafumbua.

Angalia pia safu nyingine za jedwali. Kama umeandika "msichana, Kigamboni", na wa Kigamboni wa kike ni mmoja, namba yake haijamficha.

Hatua ya 4: Tengeneza fomu, halafu uijaribu kama mgeni

Swali la kwanza la fomu liwe namba yake. Usiulize jina. Kisha pitia mipangilio hii:

Zima kukusanya barua pepe. Wengi watatumia akaunti ya mzazi na utajikuta unakusanya barua pepe za watu wazima usiowafundisha.

Zima kikomo cha jibu moja kwa mtu, na usiweke swali la kupakia faili. Vyote viwili vinamlazimisha mwanafunzi kuingia kwa akaunti ya Google, na asiye nayo atakwama hapo, aone aibu, asikuulize.

Hakikisha muhtasari wa majibu hauonekani kwa waliojaza. Ukiuacha wazi, kila mtoto akimaliza ataona majibu ya wenzake, na pale kwenye swali la kwanza ataona orodha ya namba zote.

Jedwali linalopokea majibu libaki la kwako tu. Usilifungulie "yeyote mwenye linki" hata kwa dakika tano.

Sasa tuma linki kwenye simu nyingine, au ifungue kwenye dirisha la faragha la kivinjari, uijaze mwenyewe hadi mwisho. Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote ni mwalimu kunakili linki ya kuhariri fomu akidhani ni ya kuijaza. Dirisha la faragha litakuonyesha kosa hilo kwa sekunde kumi.

Hatua ya 5: Jaribio la kwanza liwe la kusema "sijui"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo darasa lote linaposimama au kulala.

Jaribio la kwanza lisiwe na alama. Maswali kumi, yasiyozidi dakika 20. Kila swali liwe na chaguo la ziada: "Bado sijui." Waambie kabla, na urudie kwa ujumbe wa sauti: atakayechagua "bado sijui" ameniokolea wiki nzima, atakayebahatisha akapatia ameipoteza. Kisha utimize. Mtoto akichagua "bado sijui" mara saba, majibu yako ya kwanza kwake yawe asante. Usimwandikie "jitahidi zaidi". Watoto husimuliana, na kesho yake wengine wataanza kujaribu ukweli kidogokidogo kuona kama unauma.

Weka swali moja mara mbili, kwa Kiingereza cha mtihani na kwa Kiswahili, yakiwa mbalimbali kwenye fomu na namba zimebadilishwa. Anayekosea la kwanza na kupata la pili hana shida ya Hisabati. Ana shida ya lugha ya swali, na mazoezi yake ni tofauti kabisa na ya aliyekosea yote mawili. Kwa mwalimu wa sekondari wa nchi hii sidhani kuna kipimo chenye faida kubwa kuliko hiki, na hakihitaji programu yoyote.

Maswali mengine yatafute kosa, si jibu. Kwa mfano, fungua mabano ya −2(x − 3). Chaguo moja liwe −2x + 6, jingine −2x − 6, jingine −2x − 3. Anayechagua la pili anajua kuzidisha lakini anasahau alama. Anayechagua la tatu hajazidisha namba ya pili kabisa. Alama zao ni sifuri zote mbili, ila kesho hawatafanya zoezi moja.

Majibu yakija yote sahihi kutoka kwa mtu mmoja, tena kwa dakika tatu, usimtuhumu. Mwandikie: "Nimeona umepata yote. Nielezee swali la 7 ulivyolifanya, kwa sauti, hata kwa kifupi." Asipojibu, mrudishie jaribio jingine fupi na maneno yaleyale ya awali kuhusu "bado sijui". Nimewahi kusubiri hadi mara ya tatu.

Hatua ya 6: Mrudishie majibu yake, na umwambie kwa nini

Majibu ni ya mtu na mtu, kwa kuwa unajua sasa simu ni ya nani na anaipata saa ngapi. Andika kama mtu ambaye ujumbe wake unaweza kusomwa na kaka mtu. Kwa mfano:

"Hujambo. Kwenye maswali ya mabano, alama ya kutoa ikiwa nje inakupotea, swali la 3 na la 7. Mengine uko vizuri. Wiki hii nimekupa maswali sita ya mabano tu. Kama ulikuwa na haraka au unaona nimekosea, niambie nibadilishe."

Hakuna alama, hakuna nafasi darasani, hakuna neno "dhaifu". Kuna sababu ya zoezi, na kuna mlango wa kupinga. Mwanafunzi anayejua kwa nini amepewa kazi hii na mwenzake ile haanzi kuhisi kwamba unampendelea fulani. Na atakapokupinga, sikiliza. Mara nyingi ana haki: bando lilikatika, swali la nne halikufunguka, umeme ulienda.

Ujumbe wa sauti ni mzuri kwa maelezo ya hesabu, mbaya kwa makosa ya mtu. Mama ataufungua ndani ya mwendokasi, sauti juu.

Na tafadhali tusichanganye faragha na siri. Mazungumzo yako na mtoto mmoja mmoja yawe na saa zinazojulikana (mimi ni saa 10 jioni hadi saa 2 usiku), mzazi akijua kwamba yapo na yanahusu nini. Usimwambie mtoto asimwonyeshe mzazi. Usiweke ujumbe wa kujifuta kwenye mazungumzo hayo, hata kama ni kwa nia njema, kwa sababu kumbukumbu inamlinda yeye na wewe. Mtoto akikueleza kwamba anaumizwa nyumbani au popote, usimwahidi kutomwambia mtu. Mwambie utamtafutia msaada, na piga 116, namba ya huduma kwa mtoto, haitozwi.

Hatua ya 7: Kundi liwe la matangazo tu

Kundi la WhatsApp linaonyesha namba ya kila mtu kwa kila mtu. Kwa darasa la watoto wanaotumia simu za mama zao, maana yake umewagawia watu 20 wasiojuana namba za akina mama 20. Njia mbadala ni orodha ya kusambazia ujumbe: unaandika mara moja, kila mmoja anaupokea kama wa kwake, na jibu linakuja kwako peke yako. Sharti lake ni kwamba mpokeaji awe amehifadhi namba yako, kwa hiyo waombe wazazi waihifadhi siku ileile ya ridhaa. Asipoihifadhi hatapata, na atasema umemsahau.

Ukiamua kundi hata hivyo, ruhusu admini tu kuandika, na uwaulize wazazi kwanza.

Matokeo hayaingii humo. Hata "hongereni watatu bora" haiingii, kwa maana wale 17 wengine wamesoma pia. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani lenyewe liliacha kutangaza shule na watahiniwa kumi bora, sijui sisi wa tuisheni tunang'ang'ania nini.

Hili nalisema kwa kuwa nililifanya. Mwaka wangu wa kwanza nilipiga picha ya jedwali, waliopata chini ya 40 nikiwapaka rangi nyekundu, nikaituma kundini ili "kuwachochea". Msichana mmoja alijiondoa usiku uleule. Alirudi baada ya wiki tatu, karibu akivutwa mkono na mama yake, na hadi mtihani hakuwahi tena kuandika kwamba kuna kitu hakijui.

Hatua ya 8: Vipindi vya moja kwa moja

Kamera iwe hiari. Familia nyingi za Mbagala na Mabibo zinaishi chumba kimoja au viwili, na nyuma ya mtoto kuna mtu anabadilisha nguo au mgonjwa amelala. Kumtaka awashe kamera "nikuone kama upo" ni kuingia chumbani mwa watu bila hodi. Muulize swali, ajibu kwa kuandika.

Kwenye programu ya video unayotumia, washa chumba cha kusubiria ili uwajue wanaoingia. Waruhusu waingie kwa namba zao. Ukirekodi, sema kabla, na rekodi maelezo yako tu; sehemu ya maswali ya wanafunzi, simamisha.

Hatua ya 9: Programu za akili mnemba

Ni msaada wa kweli kutengenezea maswali 30 ya mabano usiku wa Jumapili. Zipe mada na aina ya kosa. Usizipe jina, picha ya daftari lenye jina, wala ujumbe wa mzazi, kwa kuwa ulichobandika humo kimeshatoka mikononi mwako. Usiwatume wanafunzi kwenye programu hizo bila kusoma masharti ya umri: ChatGPT, kwa mfano, inataka miaka 13 kwenda juu, na aliye chini ya 18 awe na ruhusa ya mzazi. Na uamuzi wa nani apewe nini ubaki wako, maana siku mtoto akiuliza "kwa nini mimi?", ni wewe utakayejibu.

Hatua ya 10: Hifadhi, chapisha, futa

Panapovuja zaidi hapa mjini ni steshenari. Unamtumia kijana faili kwa WhatsApp achapishe, linabaki kwenye kompyuta yake na kwenye simu yake. Au unaingia WhatsApp yako kwenye kompyuta ya dukani, unachapisha, unakimbilia daladala, na akaunti imebaki wazi. Chapisha karatasi zenye namba tu. Ukirudi nyumbani fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa kwenye WhatsApp yako, ondoa usichokitambua.

Zima picha za WhatsApp kujihifadhi zenyewe kwenye simu ya darasa, la sivyo karatasi za majibu zitachanganyika na picha za harusi ya binamu yako, na siku ukionyesha picha za harusi utaonyesha zote. Simu ikiharibika, usimwachie fundi wa Kariakoo pamoja na neno la kufungulia kabla hujaondoa akaunti ya darasa. Ukiiuza, ifute yote kwanza.

Siku ya kufuta uliyowaahidi wazazi iandike kwenye kalenda leo. Ikifika, futa majibu ndani ya fomu, futa jedwali, futa nakala zilizo kwenye pipa la taka la Drive, chana ukurasa wa ufunguo. Watumie wazazi ujumbe wa mstari mmoja kwamba umefuta. Ujumbe huo umeniletea wanafunzi wengi kuliko tangazo lolote.

Mambo yakienda mrama

*Mzazi anataka kujua mwanawe ni wa ngapi.* Utaulizwa, jiandae. Mpe anachohitaji kweli: "Mama, mwezi uliopita alikuwa anakwama kwenye mabano, sasa ameyamaliza, yuko kwenye vipeo." Akisisitiza, mweleze kwamba ukimpa nafasi ya mwanawe, kesho jirani naye utampa alama za mtoto huyohuyo. Wengi hucheka na kukubali.

*Mwanafunzi amekataa kujaza fomu kabisa.* Usimlazimishe. Mpe maswali matatu kwa karatasi au kwa sauti. Mara nyingine tatizo ni simu ya kaka, na ukibadilisha saa linaisha.

*Wawili wanatumia simu moja.* Namba mbili tofauti, saa mbili tofauti, na ujumbe uanze na namba ya anayehusika. Hawa ndugu wakilinganishwa mezani, anayeachwa nyuma ndiye wa kwanza kuacha kusema ukweli.

*Umetuma matokeo kimakosa kundini.* Futa kwa wote mara moja, halafu usijifanye halikutokea. Mpigie kila mzazi ambaye alama za mwanawe zilionekana, useme nini kilionekana na kwa muda gani. Ongea na watoto husika pembeni.

*Simu ya darasa imeibiwa.* Zuia laini kwanza kwa mtandao wako, kisha ingia akaunti ya Google kwenye kifaa kingine uitoe simu hiyo, ubadilishe neno la siri. Waarifu wazazi siku hiyohiyo kwamba ujumbe wowote wa kuomba hela kwa jina lako si wako. Atakayepokea SMS ya utapeli aitume kwenda 15040, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Kama taarifa za watoto zilikuwa humo, iarifu pia Tume.

*Mwanafunzi anaomba aone ulichoandika kumhusu.* Mwonyeshe safu yake yote, hapohapo. Kama kuna neno ambalo ungeona haya akilisoma, lifute sasa, kabla hajaomba.